Toleo jipya? Nionye, usinifungie mlango

Jamani, toleo jipya la haipavaiza si kosa! Haipavaiza ndiyo programu inayoendesha kompyuta pepe kadhaa ndani ya seva moja. Ukiisasisha usiku, asubuhi programu yako ya zamani ya usimamizi inakataa kuunganisha, eti haiijui namba ya toleo. Mashine za wateja zinafanya kazi na huwezi kuzigusa.

Hapo naona heri libvirt. Zamani ilipokuta toleo la VMware ESX ambalo halijajaribiwa, iliandika onyo kisha ikaendelea, kwa sababu kwa kawaida API mpya huongeza amri bila kuondoa za zamani. Ila onyo hilo liliingia kwenye logi, na nani husoma logi? Lije kwenye skrini. Kuangalia hali ya mashine, ruksa. Kufuta au kuhamisha, nasubiri majaribio.