Nauli Umeshalipa, Lakini Shuka

Kuna methali watu wa rika letu tunaitumia vibaya: kupotea njia ndiko kujua njia. Mtu akikosea anaitupa mtandaoni, anacheka, na maisha yanaendelea vile vile. Lakini kupotea peke yake hakufundishi kitu. Njia unaijua siku ile unasimama, unakubali huku siko, halafu unageuka.

Fikiria uko tao, unaenda Githurai. Kwa haraka umeingia matatu ya Rongai, na unashtukia ukiwa Bomas. Kuna mtu atasema, "Si nishalipa nauli, wacha tu nifike Rongai"? Hakuna. Utashuka, uvuke barabara, ulipe tena urudi. Inauma, lakini kila steji unayoongeza inakupeleka mbali zaidi na kwenu.

Kwa matatu sote tuko na akili. Kwa maisha, zinapotea. Msee amebeti thao, imeenda. Anaongeza thao ingine ndio arudishe ile ya kwanza. Buda, ile ya kwanza haipo. Sasa unacheza na kodi ya nyumba. Dem ako na mtu anayemdharau mbele ya watu, ukimwuliza anasema wametoka mbali, ni miaka 3. Hiyo miaka 3 imeisha, akae ama aondoke. Ule ambao bado uko mkononi mwake ni mwaka wa 4.

Enyewe, kinachotushika sana si hasara. Ni aibu. Tulishatangaza, tukaposti, wazazi wakajivunia. Kugeuka kunaonekana kama kushindwa hadharani.

Sasa mwangalie Eliud Kipchoge. Agosti 2024 alienda Paris kutafuta dhahabu yake ya 3 mfululizo ya marathoni ya Olimpiki. Mgongo ukamsumbua, na baada ya kilomita 30 akaacha mbio, dunia nzima ikitazama. Hakuwa amewahi kuacha marathoni katikati. Aprili 2025 alikuwa London, akamaliza wa 6. Kusimama hakukummaliza.

Sisemi kitu kikiwa kigumu ukimbie. Jam ya Thika Road haimaanishi umepanda matatu isiyo yako. Ndiyo maana unahitaji swali moja: kama ningekuwa naanza leo, sijalipa chochote, na najua ninachojua sasa, ningeingia hapa? Ukijibu ndiyo, vumilia, hata kama ni miaka. Ukijibu hapana, mwambie makanga akushushe.

Na ukishashuka, usikimbilie kupanda ingine. Jiulize ile ya kwanza uliipandaje. Ulikuwa na haraka? Ulifuata mbogi? Uliogopa kuuliza inaenda wapi? Hapo ndipo somo liko. Bila hayo majibu, kesho utapotea tena, na nauli ni ile ile yako.