Kamera ya Mtumba, Deni Jipya

Kuna injili inayohubiriwa miongoni mwa wapiga picha vijana wa Nairobi: ukimiliki kamera ya dijitali ya fomati ya kati, hata ya mtumba, utahesabiwa. Pentax 645D ya mwaka 2010 sasa inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya kwanza, kwa hivyo wasee wanakimbilia mkopo wa sacco. Mimi nasema hiyo ni injili ya wauzaji.

Tuwe wakweli kwanza. Kihisi chake, ile sahani inayopokea mwanga, kina milimita 44 kwa 33. Cha kamera ya fulu-fremu kina 36 kwa 24. Eneo linazidi kwa karibu asilimia 70. Ukichapisha picha ya kujaza ukuta, tofauti utaiona. Lakini klayenti wako wa ruracio anataka picha za kuposti, na Instagram inazipunguza hadi upana wa pikseli 1080. Na jua likizama je? ISO ya 645D inaishia 1600, na inapiga kama picha moja tu kwa sekunde. Bibi harusi hatakungoja.

Halafu ile bei ya kutupa ni ya bodi peke yake. Lenzi je? Betri? Kwenye mfumo wa Hasselblad H, shata imo ndani ya lenzi. Ukinunua lenzi tatu za mtumba, umenunua shata tatu ambazo hujui zimechoka kiasi gani. Shata ikikwama, hela za mkopo bado zinakatwa kila mwezi.

Mtaniambia Malick Sidibé wa Bamako alitumia Rolleiflex. Ndiyo, studioni. Kwenye dansi za vijana alibeba kamera ndogo ya milimita 35, kwa sababu kazi ilitaka hivyo.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaotoa kazi. Wanakuuliza unatumia kamera gani kabla hawajatazama hata picha yako moja. Hao ndio wanaomsukuma kijana wa miaka 22 kwenye deni. Wakiitaka fomati ya kati, waweke kodi yake kwenye bajeti. Wewe ikodi asubuhi, uirudishe jioni. Na kama lazima ukope, kopa uchapishe picha zako: maonyesho madogo, kijitabu, kitu ambacho watu wa mtaa wako watakishika mkononi.