Uvira: Boti limeongezwa mbao na mota, nani amelipima tena?

Kando ya ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka hadi Makobola, Mboko, Swima na Baraka, kazi ya mafundi wa maboti haisimami. Boti la mbao lililoundwa zamani kwa kuvua ndagala linavutwa mchangani. Linaongezewa ubao mmoja au mbili juu ya mbavu zake ili libebe zaidi. Linawekewa mabenchi, turubai juu ya miti, na mota ya farasi 15 inatolewa ili ya farasi 40 ikae pahali pake. Siku chache baadaye linarudi majini kama chombo cha abiria. Rangi ni mpya, jina ni jipya, na mara nyingi jina la Mungu limo ndani. Kitu kimoja hakikufanyika: hakuna aliyelipima tena.

Swali hilo lingeonekana la ajabu kwa watu wa ndege. Huko Marekani, Ufaransa na kwingineko wako raia wanaojiundia ndege ndogo nyumbani, kwenye gereji, kwa mikono yao wenyewe. Si matajiri wote. Wengine ni mafundi wa magari, walimu, wastaafu. Serikali inawaruhusu, lakini kuna jambo moja haliwasamehe. Ukibadilisha mota, ukihamisha betri kutoka puani hadi mkiani, ukiongeza tangi la mafuta, ndege inarudishwa kwenye mizani kabla ya kuruka. Inasimamishwa sawasawa, kila gurudumu juu ya mzani wake. Uzito wa kila gurudumu unazidishwa na umbali wake kutoka alama moja iliyochaguliwa, jumla inagawanywa kwa uzito wote, na hapo fundi anajua kitovu cha uzito kiko wapi. Kikiwa mbele sana, rubani hawezi kuinua pua wakati wa kutua. Kikiwa nyuma sana, ndege inaweza kupoteza mwendo angani na isirudi tena mikononi mwake. Karatasi mpya inaandikwa na kukaa ndani ya ndege. Huko Marekani, ndege ya namna hiyo ikibadilishwa kwa sehemu kubwa, mwenyewe anapaswa kwanza kuijaribu kwa muda wa saa 5 au zaidi, bila abiria.

Ni ndege ya mtu mmoja au wawili. Boti la Baraka linabeba familia nzima, na mbuzi.

Wakongomani hawahitaji kwenda mbali kujua kwamba uzito ukihama unaua. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ya aina ya Let L-410 iliyotoka Kinshasa ilianguka ikikaribia kutua Bandundu. Watu 20 walikufa, mmoja peke yake akasalimika. Kufuatana na masimulizi yake, mamba aliyefichwa ndani ya mfuko wa abiria alitoka, watu wakaogopa na kukimbilia wote upande wa mbele. Dunia nzima ilicheka habari ya mamba. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, mamba hakumuuma mtu; kilichoangusha ndege ni watu wote kujaa upande mmoja kwa wakati mmoja. Aliyewahi kuona boti likikaribia ufuko, abiria wakisimama wote pamoja kushuka, anajua jambo hilo linafananaje.

Maziwa yetu yana orodha yake, nayo ni ndefu. Desemba 2014, MV Mutambala, chombo chenye jina la mto wa Fizi, kilizama katika ziwa Tanganyika. Wakubwa wa Katanga ya wakati ule walihesabu wafu 129, na wakataja mzigo uliopita kiasi na upepo mkali. Septemba 2018, upande wa Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara katika ziwa Viktoria. Kilikuwa na ruhusa ya abiria 101. Waliokufa tu walikuwa 228. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti lililotoka Minova lilizama mbele ya bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiliona kutoka ufukoni. Gavana wa Kivu Kusini alisema siku ile kwamba watu 278 walikuwa ndani na 78 wamekufa. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, watu wakabaki na njia ya maji tu.

Kila mara neno linalorudi ni moja: wingi wa mzigo. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Boti mbili zenye uzito sawa zinaweza kwenda safari moja, moja ikafika na nyingine ikapinduka, kwa sababu mzigo wa moja uko chini na wa nyingine uko juu. Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Chukua boti ambalo pamoja na watu na mizigo lina tani 5. Ukitoa tani moja ya unga wa muhogo chini na kuiweka juu kwa mita moja, kitovu cha uzito cha boti zima kinapanda sentimita 20. Kwa boti jembamba la mbao, sentimita 20 zinaweza kuwa tofauti ya kuyumba na kurudi, au kuyumba na kutorudi. Na hizo mbao zinazoongezwa ubavuni ndizo zinazoruhusu unga upande juu. Mwenye boti anaona ukuta mrefu, anasema sasa maji hayataingia. Kumbe ukuta umemwita mzigo.

Mota nayo ina hesabu yake. Mota ya farasi 15 ya aina inayotumika sana ziwani ina kama kilo 36; ile ya farasi 40 inapita kilo 70. Tofauti ya kilo 35 inaonekana ndogo, ni mtoto wa darasa la sita. Lakini haikai katikati. Inakaa nyuma kabisa, tuseme mita 5 kutoka katikati ya boti, na nguvu yake ya kushusha nyuma ni sawa na ya kilo 175 zilizowekwa mita moja kutoka katikati. Ongeza mabidoni ya mafuta ambayo mota kubwa inayadai, ongeza dereva na msaidizi wake wanaokaa pale pale. Nyuma inazama, pua inainuka, na wimbi linalokuja kutoka nyuma linapata mlango wazi.

Halafu kuna maji yenyewe, yale yanayoingia kidogo kidogo kati ya mbao na kukaa chini ya miguu ya abiria. Wengi wanayaona kama usumbufu wa viatu. Ni hatari kuliko magunia, kwa sababu gunia linabaki pahali ulipoliweka, lakini maji yanakimbilia upande ambao boti limelalia na kulisukuma zaidi. Mawese ya Fizi yakiwa katika mapipa yasiyojaa yanafanya vile vile. Bidoni iliyojaa mpaka mdomoni ni rafiki. Pipa la nusu ni adui.

Serikali haikukosa karatasi. Nchi ina sheria ya usafiri wa mito na maziwa tangu 1966, na ina ofisi za komiseri wa ziwa ambazo kazi yake ni pamoja na kukagua vyombo. Shida iko katika kile kinachokaguliwa. Bandarini zinakutana huduma nyingi za serikali, kila moja na kitabu chake cha risiti, na mwenye boti anaulizwa karibu kila kitu: ameandikisha wapi, amelipa nini, abiria ni wangapi, bidhaa ni gani. Ni vigumu kusikia akiulizwa kama boti aliloandikisha mwaka fulani bado ni boti lile lile. Cheti kilitolewa kwa chombo cha mbao tano ubavuni na mota ndogo. Leo kina mbao saba, mota kubwa na paa. Karatasi inasema kweli juu ya boti ambalo halipo tena.

Kuna wanaosema kwamba mambo ya kupima ni ya Wazungu wenye viwanda, na kwamba fundi wa Uvira anajua boti kwa macho na mikono, kama babu yake. Heshima kwa fundi: macho yake yamefikisha watu wengi salama, na hakuna mhandisi wa Kinshasa atakayemfundisha kuchagua mti. Lakini babu yake hakuunda boti la mota ya farasi 40 na abiria 60. Aliunda mtumbwi wa kasia. Vipimo alivyoachiwa fundi ni vya mtumbwi ule, na kila ubao unaoongezwa unamtoa mbali na yale aliyorithi.

Na kupima hakuhitaji kiwanda. Ndege inahitaji mizani mitatu. Boti linahitaji gunia moja, kamba na timazi, kile kipande cha chuma ambacho kila mwashi anacho. Boti likiwa majini, pahali palipotulia, timazi inaning'inizwa kwa kamba ya mita 2. Gunia la kilo 50 linatolewa katikati na kupelekwa ubavuni, mita moja. Kisha inaangaliwa timazi imehama kiasi gani. Kwa boti la tani 2, ikihama sentimita 5, boti lina nguvu ya kujirudisha. Gunia lile lile likihamisha timazi sentimita 20, nguvu hiyo imebaki robo yake, na boti hilo halifai kwenda Baraka na watu juu ya magunia. Kazi ni ya saa moja. Inafanywa kabla ya kuongeza mbao na baada ya kuongeza, na namba mbili zinaandikwa kwenye daftari.

Kinachobaki ni mstari. Uingereza iliweka katika sheria ya 1876, baada ya mabishano makali na wenye meli, kwamba kila meli ichorwe ubavuni alama ya mwisho wa kuzama. Alama hiyo inaitwa mpaka leo kwa jina la mbunge Samuel Plimsoll aliyeipigania. Uzuri wake ni kwamba mama anayepanda na mtoto mgongoni anaweza kuisoma bila kujua kusoma. Rangi ikiingia majini, hapandi. Kwa boti la mbao la Uvira mstari huo ungegharimu kopo moja la rangi. Lakini ukichorwa mara moja na kuachwa, utakuwa uongo kama cheti cha zamani. Ubao ukiongezwa, mota ikibadilishwa, mstari ufutwe na uchorwe upya baada ya kupima, si kusogezwa juu pamoja na ubao.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha, na wanaolileta hawakosei. Wenye maboti wanaogopa kwamba kipimo kipya kitazaa taksi mpya, na historia ya bandari zetu inawapa haki ya kuogopa. Kipimo kikigeuka kuwa risiti ya dola 50, kitauzwa bila timazi kuning'inizwa. Kwa hiyo kiwe bure, au kisiwepo. Mafundi wenyewe waweza kukifanya mbele ya abiria na wenye maboti, komiseri wa ziwa akatia sahihi kwenye daftari tu. Uvira ina Kituo cha utafiti wa hidrobiolojia, CRH, chenye watu waliozoea kupima ziwa hili; siku mbili za mafunzo kwa mafundi wa Kalundu na Mulongwe si mzigo wa kumshinda mtu. Na wenye maboti wakubali jambo moja kwa upande wao: abiria anayekaa juu ya gunia la mwisho analipa nauli moja, lakini anaweka hatarini boti lote na mota iliyonunuliwa kwa deni.

Kuna pia wanaosema: tengenezeni kwanza barabara. Ni sawa kabisa. Kama barabara ya Taifa namba 5 ingepitika kati ya Uvira na Fizi wakati wa mvua, bila mito kuikata na bila vizuizi, nusu ya abiria wasingekuwa majini. Lakini barabara imengojewa miaka mingi, na kesho asubuhi mtu wa Swima atakuwa ufukoni na mfuko wake.

Kuanzia Mei upepo wa kusini unaanza kuvuma juu ya ziwa, na mpaka Septemba mawimbi yatakuwa yakija kutoka huko huko ambako maboti ya Uvira yanaelekea. Miezi ya kabla ya hapo ndiyo mafundi wanapovuta maboti mchangani na kuongeza mbao. Timazi ingepaswa kuning'inizwa wakati huo, boti likiwa bado tupu na mwenyewe bado hajauza nafasi hata moja.