Mafuta ya Karafuu na Chunjua za Nyayo: Tumelinganisha na Nini?

Miongoni mwa dawa za nyumbani zinazosifiwa sana ni mafuta ya mimea yenye harufu kali, kama vile ya karafuu na ya mkaratusi. Husemwa kwamba yakipakwa juu ya chunjua ya wayo kwa majuma kadhaa, chunjua hiyo hukauka na kudondoka. Je, mwanafunzi wa wilaya ya Bariadi akipewa kichupa cha mafuta hayo, aamini au akatae? Maoni yetu ni kwamba, kabla ya yote, yampasa aulize: matokeo hayo yamelinganishwa na nini?

Chunjua husababishwa na virusi viitwavyo papiloma. Huingia mwilini kwa njia ya mchubuko mdogo, hasa ngozi ikiwa imelowa, kisha hukaa ndani ya seli za ngozi na kuzifanya ziongezeke kupita kiasi. Katika wayo, uzito wa mwili huididimiza chunjua, na ngozi nene huifunika. Kwa hiyo mafuta yanayopakwa juu hayana njia rahisi ya kuvifikia virusi. Tena virusi hivi havina utando wa mafuta kwa nje, nao hustahimili viuaviini vingi.

Mafuta ya karafuu si kitu cha kudharauliwa. Hukenekwa kutokana na maua, majani na makonyo ya mkarafuu, mti ulioipa sifa Unguja na Pemba. Kemikali yake kuu, yujenoli, hutia ganzi na kuua bakteria kadhaa. Ndiyo maana matabibu wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Lakini kuua bakteria katika chombo cha maabara siyo kuponya chunjua mguuni. Zaidi ya hayo, mafuta hayo yasipozimuliwa huweza kuunguza ngozi, na mtoto akiyanywa huweza kudhurika vibaya.

Mbona basi wako wanaoapa kwamba yamewaponya? Jibu limo katika hesabu. Kwa watoto, kiasi cha theluthi mbili ya chunjua huondoka zenyewe katika muda wa miaka miwili, kinga ya mwili inapovitambua virusi. Tuseme wanafunzi 30 wana chunjua, nao wote wanapaka mafuta. Wapatao 20 watapona katika miaka hiyo hata kama mafuta hayakufanya kazi yoyote. Hao 20 watayasifu. 10 waliobaki watanyamaza. Sifa zitaenea kijijini, na hakuna atakayekuwa amesema uongo.

Dawa iliyolinganishwa kwa majaribio mengi ni asidi ya salisiliki, ambayo hulainisha na kubandua ngozi tabaka kwa tabaka. Nayo haiponyi kila mtu, na huhitaji subira ya majuma mengi. Hata hivyo chimbuko lake ni mmea: mwaka 1838 mkemia Raffaele Piria aliitengeneza kutokana na salisini, kemikali iliyopatikana katika gome la mti wa Ulaya. Hivyo hatupingi miti ya dawa. Nchini kwetu kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 kwa sababu hiyo hiyo, yaani miti yetu ichunguzwe, isiaminiwe wala kubezwa bure.

Kuna hatari nyingine, nayo ni kubwa kuliko kuungua. Si kila uvimbe wa wayo ni chunjua. Huenda ikawa sugu au funza. Doa jeusi linalokua au kutoa damu laweza kuwa saratani ya ngozi, ambayo kwa Waafrika hupenda kutokea katika nyayo. Anayepaka mafuta miezi sita akingoja doa hilo lidondoke hupoteza muda ambao ungemwokoa. Mwenye doa la namna hiyo, mwenye kisukari, au mwenye ganzi miguuni aende kituo cha afya mapema. Wengine wavae kandambili au katambuga bafuni, wala wasikate chunjua kwa wembe.

Walimu wa baiolojia hawana budi kulitumia jambo hili darasani, pasipo kumpaka mwanafunzi yeyote dawa. Wanafunzi waandike mpango wa jaribio: makundi mawili, moja la mafuta na moja la kulinganishia, muda, namna ya kupima, na ruhusa ya wahusika. Atakayejua kuandika mpango huo hatahadaika kwa urahisi na kichupa chochote atakachouziwa.