Kosa la Rubani Lina Wingi Wake

Sisi tunaotoka Rongai, hii ya Nakuru wala si ile ya viungani mwa Nairobi, tumeizoea sentensi moja kiasi kwamba hatuisikii tena: "Dereva alishindwa kulidhibiti gari." Kwa miaka mingi, kila lori liliposhuka mteremko wa Sachangwan na kuyaparamia magari mengine karibu na Salgaa, sentensi hiyo ndiyo iliyotolewa kuwa maelezo. Ikishasemwa, mambo yalikuwa yamekwisha. Maiti walizikwa, mabaki ya magari yalivutwa kando ya barabara, nasi tukangoja ajali nyingine ili sentensi ile ile isemwe tena.

Usafiri wa angani nao una sentensi yake: "Ni kosa la rubani." Leo ningependa kuichunguza sentensi hii kwa jicho la mtu anayefundisha isimu, maana naamini madhara yake yanavuka mipaka ya sarufi.

Tuanze na kijineno "la". Walimu wa Kiswahili wanajua kwamba hiki ni kiunganifu kinachoonyesha umilikaji. Tunaposema "shamba la Juma" tunamaanisha kwamba shamba lile lina mwenyewe na kwamba jirani hana haki nalo. Vivyo hivyo, tukisema "kosa la rubani" tunalikabidhi kosa kwa mtu mmoja kana kwamba tunamkabidhi hatimiliki. Kosa likishapata mwenyewe, wengine wote huondoka mikono mitupu: aliyeiunda ndege, aliyeiidhinisha, aliyeujenga uwanja na aliyepaswa kukagua kazi. Tena kosa hilo limewekwa katika umoja, ilhali ajali kubwa aghalabu husemwa kwa wingi.

Nitatoa mfano wa ajali ambayo rubani alikosea kweli, pasipo shaka yoyote, ili nisije nikadaiwa kuwa nachagua mifano inayonipendelea.

Usiku wa tarehe 31 Mei 2014, ndege ndogo ya jeti aina ya Gulfstream IV ilianza kukimbia katika uwanja wa Hanscom Field, mjini Bedford, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Ndani yake mlikuwa na watu 7, miongoni mwao Lewis Katz, mmoja wa wamiliki wa gazeti la The Philadelphia Inquirer. Ndege ilifikia mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa, lakini haikunyanyuka. Ilipita mwisho wa lami, ikavunja ua wa uwanja, ikatumbukia katika korongo na kuteketea. Hakunusurika hata mmoja.

Sababu ilikuwa kifaa kidogo. Ndege inapoegeshwa, hufungwa kufuli ya kuzuia sehemu za mkiani na mbawani zisichezwechezwe na upepo. Kufuli hiyo hufunguliwa kabla ya safari. Usiku ule haikufunguliwa. Kinasa sauti cha chumba cha marubani hakikuonyesha kwamba orodha ya ukaguzi ilisomwa. Ndege ikiwa imeshika kasi, rubani alisikika akirudia kwamba kufuli imefungwa. Wachunguzi walikadiria kwamba tangu alipotamka hivyo mara ya kwanza zilikuwapo takriban sekunde 11 ambamo ndege ingeweza kusimamishwa ingali juu ya lami. Sekunde hizo zilipita.

Hapa ndipo wengi wetu tungeweka nukta. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikuiweka. Katika ripoti yake ya mwaka 2015 iliwalaumu marubani waziwazi, kisha ikaendelea kuuliza. Je, walisahau siku hiyo tu? Kumbukumbu za ndege zilionyesha kwamba katika safari 175 zilizotangulia, ukaguzi kamili wa visukani ulikuwa umefanywa mara 2 tu. Basi lile halikuwa sahau la usiku mmoja, yalikuwa mazoea, na mazoea ya marubani wawili waliokuwa wamerushana pamoja kwa miaka. Bodi ikauliza tena: inakuwaje ndege yenye kufuli iliyofungwa iweze kushika kasi ya kupaa? Ilibainika kwamba ndege hiyo ilikuwa na mfumo wa kuzuia wenzo wa nguvu za injini usisogezwe mbele mno iwapo kufuli haijafunguliwa, lakini mfumo huo uliuruhusu wenzo kusogea kupita kiasi kilichokusudiwa, na dosari hiyo haikugunduliwa ndege ilipokuwa ikiidhinishwa. Kosa lililoanza kwa umoja sasa limekuwa makosa: ya marubani, ya waliobuni mfumo, na ya walioupitisha.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba somo lenyewe lilikuwa limekwisha kulipiwa kwa damu. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field huko Dayton, jimbo la Ohio, ndege ya majaribio ya kampuni ya Boeing ilipaa, ikaanguka na kuwaka moto, kwa sababu kufuli ya visukani haikufunguliwa. Watu 2 walipoteza maisha. Aliyeiendesha alikuwa rubani hodari, na wenye busara wakatambua kwamba ukimfukuza mwerevu anayesahau utamleta mwerevu mwingine atakayesahau vilevile. Wakatunga orodha ya ukaguzi.

Orodha hiyo, kwa mtazamo wa mwanaisimu, ni utanzu wa maongezi. Mmoja hutaja, mwenziwe hutazama kisha akajibu. Hatuna haja ya kwenda ng'ambo kuuelewa utaratibu huo. Bibi zetu walipotaka kutuhadithia walisema "Paukwa!", na hadithi haikuanza hadi wote tuitike "Pakawa!" Mwitiko ule ulikuwa ushahidi kwamba kila mmoja yu macho. Marubani wa Bedford waliruka bila kuitikiana. Orodha walikuwa nayo. Waliloliacha ni kuitamka.

Afrika Mashariki na Kati tuna mfano wetu wa ndege kupitiliza njia yake. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa mjini Goma, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia katika mtaa wa Birere, wenye makazi na biashara tele. Wengi wa waliokufa walikuwa watu waliokuwa chini, katika shughuli zao za kila siku, wasio na tiketi wala safari. Njia ya ndege ya Goma ilikuwa imefupishwa na lava ya mlima Nyiragongo uliolipuka Januari 2002. Sasa, hata tukichukulia kwamba aliyekuwa akiiendesha alikosea, je, kosa lake ndilo lililoimwaga lava ile? Ndilo lililoiacha njia ikiwa fupi kwa miaka 6? Ndilo lililowapanga watu na vibanda vyao mwishoni mwa uwanja?

Turejee Salgaa. Madereva wengine wa malori walikuwa wakitoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta. Ni kosa, tena kosa la jinai. Lakini nani huwapimia mafuta? Nani huwapangia saa za kufika Malaba? Nani huikagua breki ya trela kabla halijaondoka Mombasa? Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana huko Migaa na watu 36 wakafa. Baada ya hapo, barabara kati ya Salgaa na Sachangwan ilipanuliwa na kutiwa kizuizi cha kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Madereva walibaki wale wale. Kilichobadilishwa ni barabara. Lori linaloshuka likikatika breki leo haliingii kirahisi upande wa linalopanda. Iwapo sababu ilikuwa dereva peke yake, kizuizi kile ni cha nini? Na iwapo barabara nayo ilikuwa na hatia, mbona ilichukua maiti wengi namna ile kabla haijashtakiwa?

Najua kuna msomaji atakayenipinga kwamba nawatafutia wazembe pa kujifichia. Sivyo. Ajabu ni kwamba lugha yetu ina njia nyingine ya kuwaficha, nayo ni kukifanya chombo kiwe mtenda: "gari lilipoteza mwelekeo", "breki zilikataa". Hapo hakuna mtu kabisa, na hitimisho lake ni "ajali haina kinga". Silitaki hilo pia. Rubani aliyeacha kuisoma orodha atajwe, na dereva aliyetoa gia ashtakiwe. Ninachokikataa ni nukta inayowekwa mapema. Kiswahili kimetupa "alikosea", kikatupa na "alikoseshwa". Uchunguzi wa haki hauna budi kutumia vitenzi vyote viwili.

Kwenu walimu, jambo hili liko darasani mwenu pia. Matokeo ya mtihani yanapotoka mabaya, huandikwa kwenye ripoti "uzembe wa mwanafunzi". Huenda ni kweli. Lakini kama darasa zima lilianguka katika swali moja, kosa hilo nalo lina wingi wake, na sehemu ya wingi huo huenda imeshika chaki. Mwalimu anayemzoesha mwanafunzi kuuliza "kisha nini?" baada ya jibu la kwanza anafundisha zaidi ya sarufi, anamwandaa fundi, mhandisi, polisi na mwanahabari wa kesho.

Wahenga walituasa tusitazame tulipoangukia, tutazame tulipojikwaa. Ndege ya Bedford iliangukia korongoni, lakini ilijikwaa mara 173 kabla ya usiku ule, kila mara ikipaa salama na kila mara ikiwahakikishia waliokuwamo kwamba kuacha kukagua hakuna madhara. Basi nawapa wanafunzi zoezi wanalolijua tangu shule ya msingi. Mtakapoisikia tena redioni ile sentensi ya kosa la dereva au kosa la rubani, iandikeni katika wingi, kisha mtafute wenye makosa hayo mmoja mmoja.