Hisabati haikatai Kiswahili

Imekita mizizi miongoni mwa wasomi wetu dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, wala hakiwezi kubeba hisabati. Mimi ni mwanaisimu, si mwanahisabati, lakini dhana hiyo naipinga, na shahidi wangu ni hesabu yenyewe.

Tuseme twatafuta kipeuo cha pili cha 2, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huzaa 2. Twaanza kwa kukisia: 1.5. Twagawa 2 kwa 1.5, twapata 1.3333. Kisio la kwanza limezidi, hili la pili limepungua. Basi jibu limo kati yao. Twachukua wastani: 1.4167. Twarudia: 2 kugawa kwa 1.4167 ni 1.4117, na wastani wa hizo mbili ni 1.4142. Izidishe kwa yenyewe, utapata 1.99996. Wahenga walisema kosa ni kurudia kosa. Hapa kila tunaporudia, kosa hupungua.

Je, msomaji, ni wapi Kiswahili kimekwama?

Njia hii ilielezwa na Heron wa Aleksandria katika karne ya 1, kwa Kigiriki. Newton mwaka 1669 na Raphson mwaka 1690 walieleza njia pana zaidi, ifaayo milinganyo mingi. Wote wawili walikuwa Waingereza, lakini waliandika kwa Kilatini. Kiingereza tunachokitukuza leo nacho kilifunzwa kuzungumza hisabati.

Niliwahi kumwuliza mwalimu mwanagenzi anieleze njia ya Newton. Aliikariri kanuni kwa Kiingereza bila kusita. Nilipomwuliza kwa nini kisio la pili ni bora kuliko la kwanza, alinyamaza. Tulipoanza upya kwa Kiswahili, alichora mchoro na kujieleza mwenyewe.

Najua nitaambiwa kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na sidai ubadilishwe kesho. Nasema tu kwamba mwanafunzi aelewe kwanza, ndipo aandike. Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu 1967, na istilahi zipo tayari. Mwalimu asiyethubutu kuzitumia asikisingizie Kiswahili umaskini. Na aanze hata kwa kukisia, atajisahihisha njiani.