Gari la Mjomba Nalo Lina Pua!

Wiki hii tupo Kintinku kwa mjomba wangu. Kauza ng'ombe zake, kanunua Toyota Prius ya mtumba, ile haibridi yenye injini ya petroli na mota ya umeme. Wajapani walianza kuziuza kwao mwaka 1997. Kijiwe cha stesheni kikambatiza 'Bwana Umeme', wakidhani usiku analichomeka ukutani. Wapi! Betri inachajiwa na injini, na ukikanyaga breki mota inageuka jenereta.

Mjomba akatamba, "Sheli watanisahau!" Sawa, lakini gari hizi hubana mafuta zaidi mjini, kwenye foleni, simama-nenda. Ukilikimbiza moja kwa moja hadi Dodoma, breki hazifanyi kazi sana, faida inapungua.

Kasheshe lilianza alipopakia magunia ya mpunga siti ya nyuma. Pembeni ya siti ile kuna tundu la hewa ya kupooza betri. Gunia likaziba, vumbi likamalizia, pembetatu nyekundu ikawaka njiani. Mkewe, aliyefunga ada ya watoto kwenye pindo la kanga, akauliza, "Kwani betri mpya bei gani?" Mjomba kimya!

Bahati yao fundi alisafisha tundu na feni, gari likapona. Basi ukinunua haibridi, safisha kichujio, weka akiba ya betri, na mpunga mpe mwenye pikapu. Tukutane wiki ijayo, baibai!